Nani Anamnyonyoa Mkurugenzi

Edna alikuwa amekwisha kuvuka daraja la miti, beseni kichwani na mtoto mgongoni, na Notburga bado amesimama kwenye banda la nguruwe akijifanya anaangalia maji. Maji hakuyaona. Kwa pembe ya jicho alikuwa anaifuata ile khanga ya njano iliyomfunga mjukuu wake Leticia, jinsi inavyopanda kilima kuelekea barabara ya Peramiho, inapungua, inapungua, mpaka ikawa kama ua la boga lililosahauliwa shambani. Mtoto alikuwa amegeuza uso nyuma. Labda analia, labda anacheka. Kutoka pale bandani huwezi kujua.

"Aende," Notburga akamwambia nguruwe. "Aende kwao Mbesa. Sasa tutaona."

Nguruwe akaguna, akaendelea kujikuna kwenye nguzo.

Nguruwe huyo alikuwa jike la kienyeji, jeusi, mgongo umebonyea, tumbo linakaribia kufagia chini, na pale Maposeni kila mtu alimjua kwa jina la Mkurugenzi. Jina alipewa na Joachim, mume wa Notburga, kwa sababu akiponyoka bandani watu wote njiani humpisha na yeye hamwamkii mtu. Alikuwa mnyama wa kujivunia. Lakini asubuhi ile Mkurugenzi alitia huruma. Shingoni na mgongoni alikuwa mtupu kama kuku aliyechovywa maji ya moto, na manyoya machache yaliyobaki mbavuni ukiyagusa yanabaki mkononi. Wenzake wawili wadogo, waliofungiwa naye, nao walikuwa wameanza kupukutika masikioni.

Mkurugenzi hakuwa wa Notburga moja kwa moja. Alitoka kwenye kikundi cha kina mama wa jumuiya. Utaratibu wao ni huu: unapewa jike, unamtunza, akizaa unatoa majike wawili kwa mama anayefuata, ndipo yule mkubwa anakuwa wako. Aliyekuwa anafuata ni Adela. Na Adela akisubiri kitu, husubiri kwa mdomo. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anamuuliza Notburga mbele za watu, "Mama George, mke mwenzangu hajambo? Mimba imefikia wapi?" Watu wanacheka.

Chakula ndicho kilichokuwa kazi. Pumba tupu haitoshi, na mashudu yalikuwa yameadimika. Ndipo alipokuja Pamela, bwana mifugo wa kata. Walimwita hivyohivyo bwana mifugo, ingawa alikuwa msichana wa kutoka Bukoba, mwenye pikipiki nyekundu na buti kubwa kuliko miguu yake. Pamela aliiona ile safu ya milusina kwenye mpaka wa shamba la Notburga na la jirani yake Thadeo, miti iliyopandwa zamani kuzuia udongo usiteremke, yenye majani madogomadogo kama ya mkwaju na maganda bapa ya kahawia. Akafurahi kama mtu aliyeokota ghala.

"Mama zangu, hiki ni chakula," aliwaambia kina mama uani. "Mti huu ni jamii ya maharage. Kata matawi, anika majani mpaka yakishikwa yavunjike, yaponde, tia kiganja kwenye ndoo ya pumba. Lakini mabichi msiwape! Mabichi yana sumu yake. Yanang'oa manyoya, na jike mwenye mimba anaweza kuharibu."

Kina mama walisikiliza. Waume wengi walikuwa kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, na Joachim alikuwa wa kwanza kuketi huko. Alisema hawezi kuwekwa kwenye benchi kufundishwa nguruwe na mtoto aliyezaliwa yeye ameshachinja wa harusi ya dada zake wote.

Kazi ya majani akapewa Edna, mkamwana, mke wa George mwana wa Notburga. Edna ni mtu wa Mbesa, huko Tunduru. Baba yake Juma anaswali, mama yake anaimba kwaya, na Edna mwenyewe alibatizwa lakini nyama ya nguruwe hakuwahi kuitia mdomoni. Hakuizira kwa makelele. Siku ya nyama alijipikia dagaa wake kwenye sufuria yake, akala pamoja na wenzake, akacheka nao. Bandani hakuingia, ila majani alikata, na kwa kuwa masika yalikuwa yameshika, akayakausha kwenye uchanja juu ya moto jikoni. Jiko zima lilinuka majani na moshi.

Tena alikuwa na adabu. Siku alipoletwa na George, Notburga alimkalisha jikoni akampa somo ambalo yeye naye alipewa na mama mkwe wake. "Hapa kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe jina. Humkazii macho. Mkikutana njiani unampisha, unainama. Na kubwa kuliko yote, neno baya la baba mkwe halipiti kinywani mwako, hata uone nini. Umenielewa?" Edna akaitika, "Nimeelewa, mama." Wakamwana wengine siku hizi wanapewa somo hilo kwa mkono wa kushoto wanalitupa kwa mkono wa kulia. Edna alilishika mpaka wenyeji wakaona haya.

Basi manyoya yakaanza kudondoka.

Notburga aliponyanyua ndoo siku hiyo na kuona mgongo wa Mkurugenzi unang'aa, aliitua chini. Akafikiria homa ya nguruwe, ile inayofagia mabanda yote ya kijiji ndani ya wiki. Kabla hajampata Pamela kwenye simu, Mkurugenzi akaharibu. Vitoto vilitoka havina uhai, vidogo kama panya, Notburga akavizika nyuma ya migomba asimwonyeshe mtu. Adela akajua kabla udongo haujakauka.

Pamela alikuja, akapima joto, akafunua kope, akapapasa.

"Ingekuwa homa, ungekuwa umeshazika wote watatu," akasema. "Hii ni lusina mbichi, mama."

"Sisi tunakausha."

"Ninyi mnakausha. Basi kuna anayewapa mabichi."

Akapiga pikipiki teke, akaondoka. Yale maneno yake yakabaki uani yamekaa kitako kama mgeni asiyeaga.

Kina mama wa kikundi walikuja kuangalia hasara yao. Waliketi kwenye mkeka, wakamsikitikia kidogo Notburga, kisha Adela akasafisha koo.

"Mimi sisemi kitu. Mimi nauliza tu. Hapa nyumbani nani anakata majani?"

"Edna," akasema Notburga.

"Na nani hali nguruwe?"

Wote wakageukia jikoni. Edna alikuwa mlangoni mwa jiko na sinia la karanga za wageni, Leticia ameshika sketi yake. Notburga akamwita.

"Umewalisha nini nguruwe?"

"Nilichoagizwa, mama. Makavu. Hata leo yapo kwenye uchanja." Akatua sinia. "Ila kuna mkono mwingine. Matawi ya chini kule mpakani yanavunjwa. Mimi nakata kwa panga. Yale yamevunjwa kwa mkono."

"Mkono wa nani?"

Edna akatazama chini.

"Sema, mwanangu," akasema Adela kwa sauti ya asali. "Au ni mkono wa shetani?"

"Siwezi kusema."

"Hawezi kusema!" Adela akageukia wenzake. "Ameuona, lakini hawezi kuusema. Jamani!"

Wakacheka kile kicheko cha puani. Edna akamwinulia Notburga macho, mara moja tu. "Mama, ulinikataza mwenyewe."

Notburga alisikia ujeuri. Alisikia mtoto wa watu anamgeuzia kosa mbele ya wageni. Damu ikampanda. Jioni, wageni walipokwisha kutawanyika, akamwambia jikoni, "Kama mkono wako ni safi, nitajie mchafu. Kama hutaji, basi nyumba hii ina nguruwe, na nguruwe hawaondoki."

Asubuhi Edna akafunga beseni.

Ndiyo maana Notburga alikuwa amesimama pale akiyaangalia maji asiyoyaona. George, mwanawe, yupo kwenye malori ya makaa ya mawe, leo yuko huku, kesho kule. Alipiga simu mchana. "Mama, Edna hawezi kufanya hivyo. Namjua." Notburga akasema mtandao unasumbua, akakata.

Sasa, kama Edna ndiye mkosaji, ubaya ulitakiwa kuondoka naye. Notburga akaishika kazi ya majani mwenyewe. Alikata, alikausha, alipondaponda, alichanganya, na alisimama palepale mpaka ndoo inalambwa. Akangojea manyoya yaote. Akangojea wiki hiyo na iliyofuata. Badala ya kuota, Mkurugenzi akamalizika mbavuni pia, na yule mdogo mmoja akawa mtupu mpaka mkiani. Na siku moja, akifagia bandani, Notburga aliokota kijiti cha lusina kilichotafunwa nusu. Akakipinda hakikuvunjika. Kilikuwa kibichi, kina maji.

Alikishika kijiti kile muda mrefu. Akatazama kilimani ilikopotelea khanga ya njano. Kisha akageuka haraka, akatazama upande wa mpaka.

Thadeo!

Kwa nini hakumfikiria Thadeo? Walikuwa wamegombana kuhusu mpaka, kila mmoja akidai milusina ni ya mwenzake ilipodondosha matawi, na ni yake ilipotakiwa kuni. Thadeo anafuga mbuzi. Thadeo alilalamika mara nyingi harufu ya banda. Notburga akajitanda khanga, akaenda.

Thadeo alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Jirani, nguruwe wangu wamekukosea nini?"

"Nguruwe wako mimi nawajua kwa pua tu, Mama George. Kwa sura hatujatambulishwa."

"Kuna mtu anawapa majani mabichi."

"Na mimi ndiye niamke niwalishe nguruwe wa watu? Mbuzi wangu mwenyewe nawalisha kwa kulazimishwa na mke." Akaacha kisu. "Juzi ulikuwa na mkamwana, ukamfukuza. Leo ni mimi. Kesho utamshika paroko."

"Sikumfukuza. Aliondoka."

"Haya. Aliondoka. Sasa na wewe ondoka."

Notburga akarudi amekunja uso, hana uhakika zaidi ya aliokwenda nao. Akaanza kumtilia mashaka kila mpita njia. Watoto wanaokwenda shule wakichungulia banda aliwafukuza. Adela alipokuja kusabahi alimpokelea barazani, hakumruhusu kuzunguka nyuma. Maana, akajiuliza, Adela naye kwa nini mdomo wake uliwahi mno? Usiku alilala akisikiliza. Mumewe Joachim akikoroma, alimpiga kiwiko ili asikie vizuri nje.

Ndipo akakumbuka majivu. Mama yake aliyatumia kumjua paka anayeiba vifaranga. Akazoa majivu ya jikoni, akayachekecha, na kabla ya kulala akayamwaga kuzunguka banda lote, laini kama unga.

Asubuhi, mvua haikuwa imenyesha, na alama zilikuwa pale.

Zilikuwa nyayo za makatambuga, viatu vya tairi. Watu wengi huvaa makatambuga. Lakini kando ya kila hatua ya kulia palikuwa na tundu dogo la mviringo, limeingia mpaka kwenye udongo. Hatua, tundu. Hatua, tundu. Yakaja mpaka ukutani mwa banda, yakasimama sana, yakarudi kupitia kwenye migomba kuelekea mpakani.

Notburga alitazama. Kisha akanyoosha mguu wake, akaifuta alama ya kwanza. Akaifuta ya pili. Akazifuta zote kama mtu anayefukia kinyesi cha mtoto wake kabla majirani hawajaona, akaenda kuwasha moto.

Joachim alikuja kunywa uji na fimbo yake. Alivunjika mguu miaka ya nyuma kwenye machimbo ya mchanga, tangu hapo fimbo ndiyo mguu wake wa tatu. Notburga akamtilia uji. Akaangalia mikono ikipokea kikombe. Kucha zilikuwa za kijani.

"Umelala vizuri, Baba George?"

"Vizuri. Ila wewe una kiwiko."

Siku nzima Notburga alimchungulia mume aliyeishi naye tangu usichana, kama vile amepangisha mtu asiyemjua. Akapima kila neno lake. Kwa nini amesema anaenda mtoni? Kwa nini amerudi upesi? Kulipopambazuka kesho yake, aliposikia mlango umesukumwa taratibu, akajitanda, akamfuata.

Alimkuta nyuma ya banda, mzigo wa matawi mabichi kwapani, yanadondosha umande. Alikuwa anayapitisha kwenye upenyo wa mabanzi, tawi moja moja, na Mkurugenzi analia kwa raha.

"Kula, mama. Wale wanakuletea takataka kavu. Mimi nakuletea mboga. Nani alikula mboga kavu akanenepa?"

"Baba George."

Fimbo ikamponyoka. Hakuiokota.

"Ni wewe."

"Ni mimi nini? Nawalisha. Ni kosa kulisha mnyama? Kila siku unasema sifanyi kitu humu ndani, nimekaa kama gunia. Nikasema atazaa wengi mpaka mshangae, ndipo niseme ni mkono wangu."

"Pamela alisema mabichi yanang'oa manyoya."

"Pamela! Mbuzi wa Thadeo wanakula mabichi haya haya kila siku ya Mungu. Umeona mbuzi kipara?"

Notburga hakuwa na jibu la mbuzi. Jibu hilo Pamela alilitoa baadaye, kwamba tumbo la mbuzi linacheua na lina namna yake ya kuivunja sumu ile, tumbo la nguruwe halina. Lakini pale alfajiri hakuwa anawaza matumbo.

"Siku kina mama walipokuja, ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ulisikia?"

Joachim akayatazama matawi.

"Ulisikia wanavyomsulubu mtoto wa watu uani kwako?"

"Nilisikia. Nikasema yatapita. Ni maneno ya wanawake." Akashusha sauti. "Nikitoka nje niseme nini? Niseme mzee mzima nanyemelea nguruwe na majani?"

"Na Edna alijua?"

"Alinikuta mara nyingi. Anakwenda kisimani alfajiri na ndoo, mimi nina mzigo. Alikuwa ananipisha njia, anainama, anapita. Hakusema kitu. Ana adabu sana yule mtoto."

Mama, ulinikataza mwenyewe.

Notburga akaketi chini palepale, kwenye umande na majivu. Hakulia. Aliomba apewe lile tawi lililobaki, akalivunjavunja vipande vidogo mpaka likaisha.

Kesho kutwa yake alipanda basi la Tunduru. Namtumbo ikapita hajaiona. Alipofika Mbesa, Juma, baba yake Edna, alimpokea kwa heshima zote, akampa kiti na maji, akamwuliza habari za safari, za mvua, za mahindi. Hakumwuliza kilichomleta. Edna akatoka ndani, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Leticia alikuwa amejificha nyuma ya mama yake, anamtazama bibi yake kama muuzaji wa dawa. "Tumemjua mwenye mkono, Edna. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Nilikuambia kuna mkono."

"Ungemtaja."

"Ningemtaja, ungesema nini?"

Notburga akafikiri. Alikuwa mtu mkweli alipobanwa. "Ningesema unamsingizia mzee wangu. Ningekufukuza siku ileile, hata asubuhi nisingengoja."

"Basi mama, nilichagua kuondoka na adabu yangu."

Juma alikuwa akichokonoa mkeka. Sasa akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, mwanangu alisemwa mbele ya watu. Wewe umekuja kumwambia ukweli hapa, kwenye kivuli cha nyumba yangu, sisi watatu. Nashukuru. Lakini wale watu wapo kule."

"Nitawaambia."

"Wewe hukuwalisha nguruwe."

Notburga alielewa. Alilala usiku mmoja, Leticia akakubali kukaa pajani mwake asubuhi, akala karanga mkononi mwake, kisha akashuka. Edna alimsindikiza mpaka stendi akiwa amembebea mfuko. Walipofika akasema, "Safari njema, mama," wala hakutaja siku ya kurudi.

Jumapili iliyofuata, kina mama wa kikundi walikuwa kwenye mkeka uleule. Joachim alisimama katikati yao na fimbo yake, amevaa koti la harusi la George. Alisema kwamba mkono ni wake, na kwamba mkamwana alimwona akamstahi, na yeye hakumstahi. Adela akafungua mdomo. Notburga akamwangalia, na Adela akaufunga.

Mkurugenzi aliota manyoya upya baada ya miezi, mengine mekundu. Alipandwa tena, akazaa saba. Adela alipewa majike wawili, mmoja akafa kwa kulaliwa na mwenzake. Pamela alihamishwa wilaya nyingine na pikipiki ikabaki. Thadeo alikata milusina yote iliyoangukia upande wake, na hadi leo hamwamkii Notburga. Joachim ndiye anayeanika majani sasa, kiangazi kwenye turubai, masika jikoni, na kuwafukuza kuku kwa fimbo.

Edna hakurudi Maposeni. George alipanga chumba na sebule Matogoro, wanaishi huko. Edna anauza maandazi shuleni. Joachim akienda kuwatembelea, Edna bado anampisha njia na kuinama, na jina lake hajalitaja. Notburga alimwambia mara moja kwamba somo lile amelifuta. Edna akasema amesikia. Leticia huletwa wakati wa likizo na anaogopa nguruwe.